Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

UKURASA WA AFYA

Mwezi huu ukurasa wetu unaingia jikoni. Hatuji kukagua masufuria ya mtu. Tunakuja kuketi pamoja nanyi karibu na mafiga na kuulizana swali moja: je, chakula tunachokula kila siku kinatujenga, au kinatushibisha tu?

Tuchukue mfano wa familia moja. Baba, mama na watoto wanne wanaishi kijiji kisicho mbali na mto Mkondoa. Mwaka huu wamevuna vizuri. Wana magunia kumi na mawili ya mahindi, debe mbili za kunde na debe moja la karanga, na mbaazi bado zinakauka shambani. Nyuma ya nyumba kuna mpapai unaozaa na kuku wanane. Njaa hawaijui. Lakini mtoto wao wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, analingana kimo na mtoto wa jirani aliyetimiza mwaka mmoja juzi. Mama anasema, "Amefuata upande wa babu yake, kule wote ni wafupi." Baba anasema, "Mbona anashiba?" Bibi anasema, "Atakua tu, mwacheni."

Familia hii ni mfano tu, haina jina. Hata hivyo tunadhani kila msomaji wa Kilosa, Kimamba, Rudewa, Ulaya au Mikumi anaweza kuitaja nyumba inayofanana nayo. Pengine ni nyumba yake mwenyewe.

KUSHIBA NA KULISHWA NI MAMBO MAWILI

Hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake huitwa udumavu. Uchunguzi wa taifa kuhusu afya ya mama na mtoto umekuwa ukipima jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta 34 katika kila 100. Mwaka 2022 walikuwa 30. Tumshukuru Mungu kwa hatua hiyo, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watoto watatu.

Sasa tusikilize jambo linaloshangaza. Katika uchunguzi huo wa mwaka 2022 mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo si mikoa ya ukame. Ni mikoa ya mahindi, viazi na maharage, ambayo magari hutoka huko yamejaa chakula cha kulisha miji. Basi tusidanganyike kwamba udumavu ni ugonjwa wa wenye njaa. Unaweza kuingia kabisa katika nyumba yenye ghala lililojaa.

Kwa nini? Kwa sababu mwili wa mtoto ni kama nyumba inayojengwa. Ukimletea fundi mchanga lori kumi bila saruji na bila mabati, nyumba haitasimama, ingawa kiwanja kimejaa vifaa. Ugali na uji mtupu ni mchanga. Vinatia nguvu na ni vya lazima, lakini mtoto anahitaji pia cha kujenga misuli, mifupa, damu na ubongo.

Wakati wa ujenzi huo nao ni mfupi. Unaanza mimba inapotungwa na kuendelea mpaka mtoto atimize miaka miwili. Wataalamu huuita siku 1000. Mtoto aliyekosa lishe bora katika siku hizo hapotezi kimo tu. Ubongo wake nao unakuwa umejengwa kwa upungufu, na baadaye darasani tutamwita mzito wa kuelewa, kumbe tulimnyima vifaa vya ujenzi. Akipita miaka miwili katika hali hiyo, ni vigumu sana kufidia yote. Ndiyo maana maneno ya bibi, "atakua tu," yanatutia wasiwasi.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Shuleni nako tulifundishwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Siku hizi wataalamu wameyagawa makundi hayo zaidi, lakini somo lenyewe ni lilelile: sahani ya rangi moja haitoshi.

UJI WA MTOTO

Tuanze na mdogo kuliko wote. Mpaka atimize miezi sita, mtoto apewe maziwa ya mama peke yake. Asipewe maji, wala uji, wala asali. Ana kiu? Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, hata katika joto la Kilosa la mwezi wa Desemba. Dawa aliyoandikiwa na mganga wa hospitali ni jambo jingine, hiyo apewe.

Akitimiza miezi sita anaanzishiwa chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, halichukui zaidi ya kikombe kimoja kidogo kwa mara moja. Kikombe hicho kikijaa uji mwepesi wa unga na maji, mtoto anashiba maji. Anatulia, analala, mama anaendelea na kazi. Baada ya saa moja analia tena, nasi tunasema ana kitumbo au amepatwa na jicho la mtu.

Uji wa mtoto uwe mzito. Ukiuchota kwa kijiko na kukiinamisha, usimiminike kama chai. Halafu uongezwe kitu. Chagueni kimojawapo kati ya hivi kulingana na kilichopo:

- kijiko kimoja au viwili vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa siku hiyo hiyo;
- yai lililopigwa na kuchanganywa uji ukiwa unachemka mpaka liive kabisa;
- unga wa dagaa waliosafishwa, wakakaangwa na kusagwa;
- maharage, kunde au mbaazi zilizochemshwa mpaka zikalainika, zikapondwa na kuondolewa maganda;
- maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyochemshwa.

Mama mwingine atasema, "Uji ukiwa mzito mtoto wangu haumezi." Ni kweli. Hapa tuna msaada wa zamani ambao wengi wameusahau, nao ni kimea. Akina mama wanaotengeneza togwa wanaijua siri yake. Chukua ulezi safi, uloweke usiku kucha, umwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu mpaka uchipue. Kisha uanike mpaka ukauke vizuri, upukuse vichipukizi, usage. Pika uji mzito sana, uuepue, upoe kidogo, utie kijiko kimoja cha unga huo wa kimea na kukoroga. Utaona ajabu: uji uliokuwa kama ugali unalegea na kuteleza bila kuongezwa hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena dakika chache, ndipo umpe mtoto. Kwa njia hiyo kikombe kilekile kidogo kinabeba chakula kingi zaidi.

Mtoto wa miezi sita hadi minane apewe chakula mara mbili au tatu kwa siku. Wa miezi tisa na kuendelea apewe mara tatu au nne. Akitimiza mwaka aongezewe kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au kipande cha papai. Awe na bakuli lake mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja anayekula sinia moja na kaka zake wa miaka saba hashindani nao. Yeye hulamba vidole wakati wenzake wamekwisha kunyanyuka.

Tuseme pia neno juu ya unga unaoitwa wa lishe. Akina mama wengi kwa mapenzi yao huchanganya mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya, karanga na mbegu za maboga, wakasaga pamoja na kuweka ndoo moja kwa miezi miwili. Nia ni njema, njia siyo. Nafaka tano zilizochanganywa bado ni nafaka, hazigeuki kuwa nyama. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri humsumbua mtoto tumboni. Karanga zilizosagwa na kukaa huchacha, na unga wote huharibika pamoja nazo. Afadhali usage nafaka moja au mbili, na karanga uzitwange siku ya kupika.

MAHINDI: DONA, SEMBE NA UKUNGU

Tumezoea kuona sembe nyeupe kuwa chakula cha heshima na dona kuwa chakula cha shida. Mgeni akija, tunaficha dona. Lakini mashine ya kukoboa inaondoa ganda na kiini cha punje, na humo ndimo kuna mafuta, vitamini na sehemu nzuri ya protini. Tunalipa fedha ili tuondolewe chakula, kisha pumba tunawapa nguruwe, nao wananenepa vizuri! Dona ni bora. Ila haikai muda mrefu kama sembe kwa sababu ya mafuta yake, hivyo tusage kidogo kidogo.

Lakini tusikilize kwa makini: dona ni bora kama mahindi yenyewe ni mazuri. Mahindi yenye ukungu ni hatari, na dona yake ni hatari zaidi, kwa maana sehemu kubwa ya sumu ya ukungu hukaa katika maganda na viini. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Hutengenezwa na aina fulani za ukungu unaoota hasa kwenye mahindi na karanga zilizovunwa zikapata unyevu, zikalala chini kwenye udongo, au zikatobolewa na wadudu kama dumuzi.

Hili si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya za upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Katikati ya mwaka 2016 ugonjwa huo uliingia kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walipata macho ya manjano, tumbo kuuma na kuvimba, na kutapika. Watu wapatao 20 walipoteza maisha. Dodoma ni majirani zetu, na mahindi hayana mpaka.

Anayekula sumu hii kidogo kidogo kwa miaka haangukii mezani. Ini lake linaharibika polepole, na linaweza kupata saratani, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa watoto wadogo, wataalamu wanaihusisha sumu hii na kutokukua vizuri.

Tukumbuke mambo matatu ambayo wengi hukosea. Kwanza, kupika hakuiondoi. Chemsha saa nzima, sumu ipo. Pili, mahindi yaliyoharibika tusiyapeleke kwenye pombe wala togwa tukidhani yanasafishwa humo. Tatu, tusiwape mifugo. Ng'ombe anayelishwa punje hizo huirudisha sumu kwetu kwa njia ya maziwa.

Sisi wa Kilosa tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Mabonde yetu yana rutuba, lakini yana maji. Waliokuwepo wakati wa mafuriko ya Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 wanakumbuka nyumba zilivyojaa maji na nafaka ikaloa ndani. Tunajua inauma kutupa chakula ulichokitolea jasho. Lakini gunia lililolowa na kuota ukungu si chakula tena.

Tufanye hivi:

- Tuvune mapema mahindi yakishakauka, tusiyaache shambani yanyeshewe na kuanguka.
- Tuanike juu ya turubai, mkeka au kichanja. Tusianike juu ya udongo mtupu.
- Tuchambue kabla ya kuhifadhi na kabla ya kusaga. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa au zenye ukungu tuziondoe. Karanga vilevile: chungu na iliyokunjamana itupwe, isitwangwe kwa ajili ya mboga.
- Tupime ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia punje za mahindi mpaka zifike kama theluthi moja, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja kikubwa, funga na utikise vizuri, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Isipoganda, yako tayari kuhifadhiwa.
- Magunia tuyaweke juu ya mbao au matofali, mbali kidogo na ukuta. Mwenye uwezo anunue mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu hukosa pumzi humo na kufa bila dawa.

MBOGA, MATUNDA NA DAMU

Wengi wa akina mama na watoto wetu wana damu pungufu. Malaria na minyoo huila damu, na chakula chetu hakiirudishi. Mwenye damu pungufu huchoka upesi, hupumua kwa shida akipanda mlima, na mama mjamzito wa namna hiyo yumo hatarini siku ya kujifungua.

Nyama, maini, samaki na dagaa hurudisha damu vizuri. Lakini si kila nyumba inakula nyama kila wiki. Tunazo kunde, mbaazi, choroko na maharage. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, hapa hapa Kilosa, kimetoa mbegu nzuri za kunde kama Tumaini, Fahari na Vuli. Ni jambo la kusikitisha tukizilima, tukaziuza zote, na kurudi nyumbani kula ugali kwa mchuzi wa nyanya.

Mboga za majani tunazo za kutosha: mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, mnafu, kisamvu. Tuzioshe kwanza ndipo tuzikate, maana tukikata kisha tukaosha tunamwaga vitamini pamoja na maji. Tuzipike kwa muda mfupi, zibaki na rangi yake. Kisamvu ni tofauti: kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu, kwa sababu kibichi kina sumu. Tutie mafuta kidogo au karanga, kwa kuwa vitamini A haipokelewi vizuri mwilini bila mafuta. Vitamini hiyo hulinda macho na kinga ya mtoto, nayo imo pia katika papai, embe bivu, boga na viazi vitamu vya rangi ya machungwa ndani.

Sasa kuna siri mbili za damu. Ya kwanza: madini ya chuma yaliyo katika mboga na kunde hupokelewa vizuri zaidi tukila pamoja na kitu chenye vitamini C. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula pera, chungwa au embe mlo uleule. Ubuyu unaouzwa upande wa Malolo na kule Ruaha Mbuyuni ni mzuri sana kwa kazi hiyo, ule wa unga mtupu usiopakwa rangi na sukari. Ya pili: chai ya majani tunayokunywa pamoja na chakula huyazuia madini hayo. Tuinywe saa moja kabla au baada ya kula. Na mtoto mdogo asipewe chai ya rangi kabisa. Kikombe cha chai na andazi si chakula cha mtoto, hata kama anakipenda.

Mama mjamzito ale mlo mmoja zaidi ya kawaida, na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Wengine huviacha kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Avimeze usiku baada ya kula, asivifiche chini ya godoro. Kuhusu mila za kumkataza mjamzito mayai au samaki, tuseme wazi kwa heshima ya wazee wetu: wakati wa ujauzito ndipo anapovihitaji zaidi.

NANI ANAKULA YAI?

Hapa pana neno gumu kidogo kwetu akina baba. Kuku wanane wa familia ile wanataga. Mayai yanakusanywa kwenye kikapu, Jumamosi yanakwenda gulioni, na fedha inarudi kama soda na biskuti. Soda moja ya chupa ndogo ina sukari kama vijiko vidogo vinane au tisa, basi. Yai lina protini, mafuta, vitamini na madini. Tumeuza saruji tukanunua mchanga wenye rangi.

Hatusemi watu wasiuze. Ada, sabuni na mafuta ya taa vinahitaji fedha. Tunasema kila nyumba itoe kwanza fungu la mtoto, kabla mfanyabiashara hajaja na mizani. Kwa mayai kumi, matatu yabaki. Kwa debe mbili za kunde, nusu debe ibaki. Baba na mama wakubaliane hivyo mapema, wala isiwe siri ya mama kuficha wala amri ya baba kuuza. Na nyama inapopikwa, kipande laini kimfikie mtoto na mjamzito. Mila ya baba kula firigisi na paja huku mtoto akipata mchuzi haimwongezei baba heshima.

SISI WATU WAZIMA

Tusiwafundishe watoto tu. Presha na kisukari vilikuwa vikiitwa magonjwa ya matajiri wa mjini. Leo vipo vijijini. Ukipita stendi ya Mikumi jioni utaona chipsi zinakaangwa katika mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, yamekuwa meusi kama oili ya lori. Mafuta ya namna hiyo tuyaogope. Mara moja moja si dhambi, lakini isiwe desturi ya kila jioni.

Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku nzima, pamoja na iliyomo ndani ya chakula. Tusiweke kopo la chumvi mezani. Chumvi hiyo kidogo iwe yenye madini joto, ili kuzuia rovu na kumlinda mtoto aliye tumboni. Sukari kwenye chai tuipunguze polepole, kutoka vijiko vinne hadi viwili, kutoka viwili hadi kimoja. Ulimi huzoea. Anayefanya kazi ya kukaa atembee walau nusu saa kila siku. Na kila mwenye zaidi ya miaka arobaini apimwe presha, kwa maana presha haipigi hodi.

MAJI NA MIKONO

Chakula bora katika mikono michafu ni bure. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hakui, hata ukimpa mayai. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa, yakahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Karibu na choo tuning'inize kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Tunawe tutokapo chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Ni kazi ya dakika moja.

TUTAJUAJE KAMA MTOTO ANAKUA?

Macho hudanganya, mizani haidanganyi. Tumpeleke mtoto kliniki kila mwezi hata akiwa mzima, na tumwombe muuguzi atuonyeshe mstari wa ukuaji kwenye kadi. Mstari ukipanda, vema. Ukilala au kushuka, tuulize sababu siku hiyo hiyo, tusingoje mwezi ujao. Tuombe pia apimwe urefu, kwa kuwa uzito peke yake hauonyeshi udumavu. Kuna utepe wa kupima mkono kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano: chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, na chini ya 11.5 ni hatari, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto akivimba miguu yote miwili, naye apelekwe bila kuchelewa. Katika miezi ya Juni na Desemba watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Tusiikose nafasi hiyo.

Turudi kwa familia yetu ya mfano. Ghala lao halihitaji kuongezwa hata gunia moja. Mahindi wanayo, ila yachambuliwe. Kunde wanazo, ila zibaki kidogo. Karanga, mayai, papai na mboga vipo hatua chache kutoka mafigani. Kinachopungua ni mazungumzo ya baba, mama na bibi usiku mmoja, kabla gari la mnunuzi halijafika. Mtoto wao ana mwaka mmoja na miezi minane. Imebaki miezi minne ya zile siku 1000. Ni michache, lakini si kitu bure.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Jana mtoto mdogo kuliko wote nyumbani kwetu alikula nini, na mara ngapi? Kilikuwa na rangi ngapi?
2. Ni vyakula gani tunavyolima au kufuga, lakini hatuvili?
3. Katika mtaa wetu nani bado anajua kutengeneza kimea? Anaweza kuwafundisha akina mama vijana lini?
4. Mahindi yetu yamehifadhiwa wapi? Nani atafanya kipimo cha chupa na chumvi wiki hii?
5. Ni mila gani za chakula tunazoziheshimu, na ni zipi tunazopaswa kuziacha kwa ajili ya mama na mtoto?

Mkishajadili, msiishie kusema. Kila nyumba ichague jambo moja tu la kuanza nalo kesho asubuhi. Tukutane mwezi ujao, mkiwa na afya njema.